Kinachoshika Nywele

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri juu ya vita, mikataba na majina ya wakubwa. Mimi, kwa sababu ya kazi niliyowahi kuifanya na kosa nililowahi kulitenda, hufikiri pia juu ya nywele. Kichwa cha mwanamke wa Mara kimepitiwa na kila jambo lililoipitia nchi hii: samli ya wafugaji, sabuni ya Waingereza, amri za vijana wa chama, uhaba wa bidhaa, na hatimaye makopo ya dawa yaliyoingia mipaka ilipofunguliwa. Kila zama zilipaka kitu chake, na kila zama zilikuwa na namna yake ya kupima kama kitu hicho kimeshika.

Nitaanza na bibi yangu mzaa baba, aliyeishi Butiama. Ujana wake ulikuwa kabla ya uhuru, miongoni mwa watu waliohesabu mali kwa ng'ombe. Mafuta ya ngozi na ya nywele yalitoka kwenye kibuyu cha maziwa. Maziwa yalitikiswa mpaka siagi ikajitenga, siagi ikachemshwa ikawa samli. Yalipokosekana mafuta ya ng'ombe yalitumika mafuta ya nyonyo, yaliyokaangwa na kutwangwa nyumbani. Bibi alipotupaka sisi wajukuu alikuwa na kipimo chake. Alipitisha vidole katikati ya nywele, kisha akavisugua vidole hivyo kwa kidole gumba. Vikitoka vikiwa vinang'aa, alisema amezidisha. Vikikwama, aliongeza kidogo. Sikumbuki hata siku moja alikosea.

Wakati wa Waingereza samli hiyo ilipata thamani nyingine. Wilaya ya Musoma ilijulikana kwa samli, nayo ikanunuliwa na kupelekwa mbali. Kilichokuwa kinapakwa kichwani kikawa fedha ya kodi na ya karo. Badala yake dukani palikuwa na mche wa sabuni na kichupa cha Vaseline, mafuta yatokanayo na petroli ambayo Robert Chesebrough wa Marekani alipata hati ya kuyatengeneza mwaka 1872. Nywele zikaanza kuoshwa kwa sabuni na kupakwa kitu kisichotoka kwa ng'ombe wala kwenye mbegu.

Baada ya uhuru nywele zikawa jambo la siasa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua na nywele za bandia, kuanzia Januari 1, 1969. Ilielekezwa zaidi Dar es Salaam, lakini habari zilifika hadi kwetu. Akina dada waliokuwa na ndoto ya nywele za kupachika walirudi kwenye kusuka.

Halafu ukaja uhaba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mwaka 1978 vita vya Kagera vilianza, na vilipokwisha mwaka uliofuata hazina ilikuwa imechoka. Sabuni ikawa bidhaa ya foleni. Tulifulia majani ya mpapai, na wapo waliooshea nywele majani hayohayo. Kwa sisi wa Mara, ambao Sirari iko mlangoni, neno magendo lilikuwa na harufu ya sabuni ya kuogea.

Kwa hiyo serikali iliporuhusu, mwaka 1984, watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, tulivipokea vitu vya nje kama mtu aliyetoka safari ya kiu. Pamoja na redio na mitumba zilikuja dawa za nywele: kalikiti kwanza, halafu dawa ya kunyoosha. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakati ule tulitamka nusu ya kwanza tu ya methali hiyo.

Dada yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungua saluni Bunda. Ilikuwa chumba kimoja karibu na barabara kuu iendayo Mwanza, chenye kioo, viti viwili, ndoo za maji na drayer iliyotegemea umeme ukipenda kuwaka. Aliweka dawa, aliosha, alipaka kondishena, aliseti rola. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wake wanne. Naomba msomaji akumbuke jambo hilo, maana nitakayoyasema sasa si ya kumcheka.

Mimi nilikuwa Musoma. Katika miaka ya 1980 nilifanya kazi kwenye chumba cha rangi cha kiwanda cha nguo cha Mutex. Kazi yangu ilikuwa kupima: rangi kiasi gani, chumvi kiasi gani, moto kiasi gani, na baada ya kusuuza, ni rangi kiasi gani iliyobaki kwenye uzi na kiasi gani imekwenda na maji. Rangi inayokwenda na maji ni fedha inayokwenda na maji. Huko ndiko nilikojifunza kwamba swali la kushika lina majibu ya namba.

Jambo la msingi ni hili. Vitu vingi vikiwa ndani ya maji hubeba chaji ya umeme, ndogo sana, ama chanya ama hasi. Chaji zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Pamba ikiloweshwa huwa na chaji hasi kidogo, na rangi nyingi za pamba nazo zina chaji hasi. Ndiyo maana tulitia chumvi kwenye birika la rangi, ili kupunguza kule kusukumana na rangi ipate kukaribia uzi.

Unywele nao, ambao umejengwa kwa protini iitwayo keratini, huwa na chaji hasi ndani ya maji ya kawaida. Chaji hiyo huisha tu maji yakiwa machachu, kwenye kiwango cha karibu 3.7 katika kipimo cha uchachu. Kwa hiyo anayetaka kitu kishike kwenye nywele bila kuondoka na maji ya kusuuza, sharti akipe chaji chanya. Kemikali ndogo za namna hiyo zilijulikana mapema. Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alionyesha kuwa baadhi yake huua vijidudu, na baadaye zilitumika kulainisha nguo na nywele. Katika miaka ya 1970 zikaja polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli yenye chaji chanya nyingi. Iliyopata umaarufu ilitengenezwa na kampuni ya Union Carbide ya Marekani kwa kutumia selulosi, na kwenye chupa huandikwa polikwatenamu-10. Selulosi hupatikana kwenye miti, au kwenye nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba baada ya kuchambuliwa. Niliposoma hivyo nilifikiria marobota ya Bunda, nikacheka peke yangu.

Watengenezaji walihitaji kujua ni kiasi gani cha polima kinabaki kichwani. Njia zilikuwa kadhaa. Moja ni mashine inayovuta kitana katika shungi la nywele mbichi na kuandika nguvu iliyohitajika. Ni vidole vya bibi vilivyopewa namba. Ya pili ni kuipa polima alama ya mionzi, kaboni-14, kisha kuhesabu mionzi iliyobaki kwenye nywele. Ndivyo walivyofanya E. D. Goddard na wenzake wa Union Carbide. Ya tatu ndiyo iliyonigusa. Unachukua nywele zilizopakwa kondishena na kusuuzwa, unazitumbukiza kwenye rangi nyekundu yenye chaji hasi, unasuuza tena. Rangi hujishika pale penye polima. Kadiri nywele zinavyokuwa nyekundu, ndivyo polima ilivyo nyingi. Mojawapo ya rangi hizo ni rangi ya pamba, ya jamii ileile niliyokuwa naipima kila siku kazini.

Nilipoondoka kiwandani, fundi wangu mkuu alinipa kikopo cha mabaki ya rangi nyekundu kuwa kumbukumbu. Mwaka 1997 dada aliniuliza swali la kibiashara. Mwenye duka la jumla alikuwa na kondishena za aina mbili, moja kwenye kopo la kijani, nyingine kwenye kopo la njano, na ya njano ilikuwa ghali zaidi. Alitaka kununua katoni nzima. "Kaka," alisema, "wewe ulikuwa unapima rangi. Huwezi kunipimia hizi nijue ipi inashika?"

Nilimwambia naweza. Kikwazo kilikuwa kimoja. Rangi nyekundu haionekani kwenye nywele nyeusi. Maabara hutumia nywele zilizoondolewa rangi au sufu nyeupe, na mimi sikuwa na hivyo. Nilihitaji mvi safi, zisizowahi kuguswa na dawa yoyote. Nilimjua mtu mmoja tu mwenye nywele hizo.

Nilipanda gari mpaka Makutano, nikaunganisha hadi Butiama. Nilimkuta bibi amekaa nje ya nyumba akichambua maharage. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za Musoma na za watoto. Kisha nikasema nilichofuata. Alinyamaza muda mrefu.

Msomaji wa kwetu anaelewa kwa nini. Nywele za mtu hazitupwi ovyo. Anayezishika ameshika sehemu ya mwenyewe, na mwenye nia mbaya anaweza kuzitumia. Bibi alikuwa mkristo wa miaka mingi, lakini nywele zake alizichimbia shimo kila aliponyolewa.

"Unataka kunifanyia nini, mjukuu wangu?" aliuliza.

Nilimweleza kuhusu saluni, makopo na rangi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Lakini utanirudishia zote." Nikaahidi. Shangazi akaleta mkasi, akamkata shungi upande wa nyuma, nikalifunga kwenye karatasi ya daftari.

Nyumbani Musoma nilifanya kazi kwa uangalifu wote niliofundishwa. Nilitumia maji ya ziwa, ambayo ni laini na hayana madini mengi ya kuvuruga kipimo. Niligawa mvi mafungu yenye uzito sawa, nikayafunga kwa uzi. Kwa kuwa wateja wote wa dada walikuwa na dawa, niliyatia dawa ya kunyoosha mafungu yote niliyoyatumia siku hiyo, nikayaosha na kuyasuuza sana. Usuuzaji huo si wa kupuuza, kwa kuwa sabuni ina chaji hasi, na ikibaki hukamatana na kondishena kabla haijafika kwenye unywele. Fungu moja sikulipaka kitu. La pili nililipaka kondishena ya kijani, la tatu ya njano, kwa dakika zilezile. Nikasuuza, nikayatumbukiza yote kwenye rangi, nikasuuza tena, nikayaanika.

Fungu lisilopakwa kitu lilikuwa na wekundu hafifu. La kopo la kijani lilikuwa jekundu la wastani. La kopo la njano lilikuwa rangi ya damu ya mzee. Nilifurahi kama mtoto. Nilikwenda Bunda na mafungu yangu matatu, nikamwambia dada: "Ya njano. Inashika kuliko mwenzake, wala si kwa kidogo."

Dada alinunua katoni. Akaandika kwenye kipande cha boksi maneno makubwa: KONDISHENA INAYOSHIKA. Wateja waliongezeka. Na hapo ndipo jambo lilipoharibika, polepole, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kwa kuwa kondishena ilishika vizuri, dada aliamini nywele sasa zina kinga. Wateja waliokuwa wakirudia dawa kila baada ya miezi miwili au zaidi walianza kuja kila baada ya wiki nne. Kila walipotoka nywele zilikuwa laini, zinachanika kwa kitana chembamba. Ulaini huo ulitosha kuwa ushahidi.

Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa akimsaidia mama yake saluni, na kichwa chake kilikuwa tangazo la duka. Wiki mbili kabla ya harusi yake alikuwa anachanwa, na nywele za upande wa kushoto zikabaki kwenye chanuo. Hazikung'oka kwenye ngozi. Zilikatika pale dawa mpya ilipokuwa ikipakwa mara kwa mara juu ya dawa ya zamani. Jioni ile zilikatika za nyuma pia.

Niliitwa. Nilimkuta binti amefunga kitambaa, ametulia kuliko mama yake. Dada hakunigombeza. Alisema tu: "Kaka, si ulisema inashika?"

"Inashika kweli," nilijibu. Nilipokuwa nikitamka maneno hayo nilianza kuona kwamba sikuwahi kujiuliza inashika kwa nini.

Nilirudi Musoma na kutoa mvi zilizobaki. Safari hii nilitumia kondishena ya njano peke yake. Fungu la kwanza lilikuwa kama lilivyotoka Butiama, halijaguswa na dawa. La pili nililitia dawa mara moja. La tatu nililitia dawa mara tatu, kwa kuacha siku kadhaa kila mara. Niliyapaka kondishena ileile, kwa muda uleule, nikayatia rangi ileile.

Mvi za bibi zisizo na dawa zilitoka na waridi hafifu tu, ungefikiri ni kivuli. Za dawa mara moja zilikuwa nyekundu sana. Za dawa mara tatu zilikuwa karibu nyeusi kwa wekundu, na nilipovuta moja kati ya vidole ilikatika kama uzi uliooza.

Maelezo yake si magumu. Unywele mzima umefunikwa na tabaka jembamba la mafuta ya asili, lililoshikamana na magamba yake ya nje. Tabaka hilo huyazuia maji na huficha chaji. Dawa kali huliondoa tabaka hilo, hufungua magamba na kuvunja viungo vya protini, na chaji hasi hubaki wazi. Polima yenye chaji chanya hukimbilia hapo. Kwa maneno mengine, polima hushika zaidi penye jeraha zaidi. Nilidhani rangi yangu inapima ubora wa kondishena, kumbe kwa sehemu kubwa ilikuwa inapima kidonda. Watafiti wa miaka ya 1970 walilijua hilo. Waliandika wazi kuwa nywele zilizoondolewa rangi kwa kemikali hunyonya polima nyingi kuliko zisizoguswa. Nami niliisoma habari hiyo, lakini niliisoma kama mtu anayetafuta namba ya kumpelekea dada yake.

Nisieleweke vibaya. Kondishena haikuzikata nywele za mpwa wangu. Ilifanya kazi yake kwa uaminifu, ilipunguza msuguano na kurahisisha kuchana. Wala kipimo hakikuwa na kosa. Kati ya makopo mawili, la njano lilishika zaidi, na mpaka leo ningesema hivyo. Kosa lilikuwa langu. Niliyatia dawa mafungu yote ya kwanza nikaona ni jambo la kawaida, hivyo sikubakiza fungu zima la kulinganishia. Aliyezoea kuona vilivyoumia tu hawezi kujua kama kinachoshika kinashika kwa uzuri wake au kwa sababu ya jeraha kilichokuta.

Mara nyingi tangu hapo nimefikiri juu ya miaka ile baada ya 1984. Tulipokea kila kitu kwa mikono miwili, na wauzaji waliona jinsi tulivyovishika vitu vyao wakasema ni kwa sababu vitu ni vizuri. Vingine vilikuwa vizuri. Lakini hatukuwa watu wazima wa hali. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni na majani ya mpapai. Mtu aliyekaa na kiu miaka saba si wa kumwonjesha maji ili kujua kisima kipi ni bora.

Mpwa wangu alinyoa. Aliingia kanisani na nywele fupi kama za mwanafunzi, na wazee wa Butiama walisema hawajaona bibi harusi aliyependeza hivyo tangu zamani. Dada alishusha kile kipande cha boksi. Hakufunga saluni, wala hakuacha dawa, kwa sababu wateja waliitaka na watoto walikuwa shuleni. Ila aliweka sharti: kabla ya kumpaka mtu dawa alichukua unywele mmoja uliodondoka, akaulowesha, akauvuta taratibu kwa vidole viwili. Ukinyooka na kurudi, alipaka. Ukikatika, alimwambia mteja aende akasuke, arudi baada ya miezi mitatu. Wengine walikasirika wakahamia kwa jirani. Wengi walirudi.

Mimi nilikuwa na deni Butiama. Nilikusanya mafungu yote sita, nikayafunga kwenye karatasi ya daftari, nikampelekea bibi. Aliyafungua juu ya kanga yake, akayaangalia moja baada ya jingine.

"Nilikupa nyeupe," alisema, "unanirudishia nyekundu."

Nikamweleza kila fungu lilifanywa nini, pamoja na habari za mjukuu wake aliyenyoa. Akalichukua lile la dawa mara tatu, akalipitisha kati ya vidole vyake, kisha akavisugua kwa kidole gumba, kama alivyofanya tulipokuwa wadogo. Likavunjika mkononi. Hakusema neno. Alinyanyuka, akanituma jembe, akanionyesha mahali nyuma ya nyumba. Nikachimba, naye akazitia mwenyewe, za waridi na za damu ya mzee pamoja, akahakikisha hakuna hata moja iliyobaki kwenye karatasi.